Kung'oa Ukoka, Kupanda Plastiki: Mwongozo wa Grini ya Nyumbani

Kwanza hongera. Kiwanja ni chako, hati imetoka, ukuta umefika kozi ya mwisho na juu yake umevutisha nyaya za umeme, geti linafunguka kwa rimoti siku umeme ukiwepo. Mbele umemwaga vitofali vya pevingi mpaka mvua haijui izame wapi. Umebakiwa na eneo la nyuma, kati ya jiko la nje na ukuta wa jirani: pana kamba ya nguo, mpapai mmoja, mfuniko wa chemba ya maji taka, na ukoka ambao hakuna aliyeupanda wala anayeumwagilia. Eneo hilo linakukera. Mtu wa hadhi yako hawezi kukaa na ukoka.

Wakati huohuo umeanza gofu. Tuseme kweli, maana tupo wenyewe: hukuanza kwa kuipenda. Ulianza baada ya kugundua kwamba yule mkurugenzi ambaye simu zake hupokelewa na katibu muhtasi, Jumamosi asubuhi anazunguka kiwanja kizima kwa miguu bila katibu muhtasi wala foleni ya wageni, na aliye ubavuni mwake kwenye shimo la saba anaweza kumtupia neno la tenda bila miadi. Ukanunua fimbo, kofia na glavu ya mkono mmoja. Ukaenda. Mipigo mirefu haikukuaibisha, kwa sababu hata wakongwe huipeleka vichakani. Kilichokuumbua ni ule mpira uliobaki hatua mbili kutoka shimoni. Watu kimya, kedi kashika bendera, nawe ukausukuma ukapita shimo, ukaurudisha, ukapita tena.

Hesabu za mchezo wenyewe zinakutetea. Uwanja wa mashimo 18 wenye pari (mipigo inayotarajiwa) 72 huhesabiwa kwa kumpa mchezaji misukumo miwili kwenye kila grini, ile sehemu laini yenye shimo. Hiyo ni 36, nusu ya pari yote. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini unachimba ua wakati ada ya muhula wa pili haijalipwa, mjibu kwamba unashughulikia nusu ya tatizo. Nusu iliyobaki inataka ekari nyingi, nayo tutaizungumza ukishapata hiyo tenda.

Kabla jembe halijagusa ardhi kuna suala la ruhusa. Usiombe, toa taarifa. Tumia maneno ya semina: kuboresha mandhari, kupunguza matumizi ya maji, kuongeza thamani ya nyumba. Mama watoto atakusikiliza mpaka mwisho, kisha atauliza jambo moja tu: "Na nguo tutaanika wapi, baba Junior?" Hapa wengi wameanguka. Kuwa na jibu, tena jibu lenye vipimo, kwa sababu kamba ya nguo ikihamia mbele ya nyumba, hadhi yote uliyoinunua kwa pevingi imekwisha. Na akisema gofu ni mchezo wa watu wasio na kazi, usikimbilie historia, maana historia iko upande wake. Mwaka 1457 bunge la Scotland, nchi iliyoulea mchezo huu, liliupiga marufuku pamoja na mpira wa miguu, enzi za Mfalme James wa Pili, kwa kuwa vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde na mshale. Karne karibu sita zimepita na lalamiko halijabadilika hata kidogo: kazi ya maana imelala, na wewe umeshika kijiti.

Mahali pa kuweka grini hupachagui wewe. Hupachagua shimo la maji taka. Kwenye viwanja vyetu vya ishirini kwa ishirini, aliyechimba shimo lile aliliweka panapofikiwa na mpira wa gari la kunyonya, na kwa bahati yako ni palepale ulipoota bendera. Mfuniko wa chemba usiufunike. Narudia kwa faida ya wale ambao tayari wanawaza kupitisha nyasi juu yake, "halafu siku ya kunyonya tutakata kidogo." Siku hiyo itakuja mkesha wa sikukuu, nyumba imejaa wageni, gari linaunguruma getini, na hakuna atakayekumbuka kisu cha kukatia kapeti kiliwekwa wapi. Sogeza grini. Ikishindikana kabisa, uache mfuniko wazi na uutangaze kuwa kikwazo cha uwanja. Wenzako klabuni wana madimbwi na mashimo ya mchanga. Wewe una chako.

Ukwepe na mwembe. Utomvu wake hunata kwenye plastiki, vumbi linashika juu ya utomvu, na baada ya msimu mmoja una grini yenye madoadoa. Mwarobaini humwaga majani membamba yanayojipenyeza kati ya nyuzi, hayafagiliki wala hayaokoteki. Kuhusu kunguru sina ushauri. Hawa wenye shingo ya kijivu, ambao wazee wao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka za mji, hawajawahi kushawishika kwamba kitu cheupe cha mviringo si yai. Weka akiba ya mipira.

Ukubwa: mita 4 kwa 8 zinatosha. Waheshimiwa wengi hutaka kubwa zaidi mpaka waambiwe bei kwa mita ya mraba.

Twende tukanunue nyasi. Siku hizi nyasi bandia zipo kila kona: kumbi za harusi, vibaraza vya baa, kuta za saluni, hata makaburini huzungushiwa ukingo wa kaburi ili waombolezaji wasione udongo. Wapenzi wa soka walizizoea Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana pale Mwanza. Kwa hiyo utaingia Kariakoo ukiwa na uhakika wa mtu anayejua anachotaka, na muuzaji atakusoma kabla hujafunga mlango wa gari. Utamwambia unataka za gofu. Atasema zipo. Atakufungulia rola la nyasi ndefu, laini, zenye nyuzi za kahawia zilizochanganywa humo ili zionekane zimekauka kidogo kwa kudra ya Mungu. Atazipigapiga kwa kiganja. "Hizi ndizo zenyewe, bosi. Juzi kachukua mheshimiwa mmoja wa Masaki."

Hizo ni za bustani. Urefu wake ni milimita 30 hadi 40, na mpira wa gofu, ambao kwa sheria kipenyo chake hakipungui milimita 42.67, ukiuweka humo unazama kiunoni. Nyasi za grini ni fupi, milimita 10 hadi 15, zimesongamana, na ukizigeuza nyuma utaona mishono imekaribiana sana. Nenda na mpira mfukoni. Tandikiwa kipande sakafuni, uviringishe mpira juu yake hapohapo dukani, mbele ya wateja. Ukikwama kabla ya kufika kwenye kiatu cha muuzaji, shukuru, ondoka. Zile ndefu chukua kipande tu cha kuzungushia pembeni, kusudi na wewe uwe na mahali pa kulaumu mpira ukienda kombo.

Muuzaji akidai kwamba hii ni teknolojia mpya, mwache aseme. Ilianza hivi. Mwaka 1965 mji wa Houston, Texas, ulifungua Astrodome, uwanja wa besiboli wenye paa. Ndani walipanda nyasi za kweli, na paa likawekwa vioo vya plastiki ili zipate jua. Wachezaji wakalalamika: mng'ao wa vioo unawapotezea mpira ukiwa hewani. Vioo vikapakwa rangi. Nyasi zikafa. Wakubwa wakaumaliza msimu kwa kuzipaka nyasi zilizokufa rangi ya kijani, pamoja na udongo wake, na mwaka 1966 wakatandika zulia la nailoni la kampuni ya Monsanto, ambalo mpaka leo linajulikana kwa jina la AstroTurf, kutokana na uwanja huo. Nimekisimulia kirefu kisa hiki kwa sababu kina kila kitu kitakachotokea nyuma ya nyumba yako: nyasi zisizo na kosa, uamuzi wa mwenye mali, kisha rangi ya kijani kuwa ndiyo suluhisho.

Sasa ung'olewe ukoka. Soma sehemu hii ukiwa umekaa, maana ugumu wake hauko mikononi. Ukoka, ambao wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon, ndio uleule ambao Wamarekani huuita nyasi za Bermuda, ingawa Bermuda haikuwa kwao. Ni nyasi za upande huu wa dunia, Afrika ikiwamo. Pale Tifton, jimbo la Georgia, mtafiti Glenn Burton aliuchanganya na ndugu yake kutoka Afrika Kusini akapata aina kama Tifgreen ya mwaka 1956 na Tifway ya 1960, na tangu hapo koo hizo zimetandazwa kwenye viwanja vya gofu vya nchi za joto duniani kote. Huko hukatwa kwa mashine hadi milimita chache, hulishwa mbolea kwa ratiba, hutibiwa ukungu, na huajiriwa mtu mwenye shahada kuziangalia. Kwa hiyo kilichoota bure chini ya mpapai wako ni ndugu wa damu wa grini za watu wakubwa. Wewe unamlipa kijana aking'oe, akitupe nje ya ukuta, kisha unanunua plastiki iliyosanifiwa ifanane nacho.

Usitetereke. Akiuliza mtu, mwambie huna muda wa kukata nyasi.

Kijana ang'oe kweli, asifyeke. Ukoka una vitawi vinavyotambaa juu na vingine vinavyosafiri chini kwa chini, na kipande cha urefu wa kidole kikisahaulika kinatosha kuanzisha ukoo upya. Ndiyo maana chini ya kokoto hutandikwa kitambaa cha kuzuia magugu. Kitambaa huzuia magugu. Ukoka hupita pembeni.

Chimba kina cha sentimita 10. Inasikika kidogo mpaka uzidishe: mita 4 kwa 8 kwa kina hicho ni mita 3.2 za ujazo, tani tano na zaidi za udongo, nao ukishachimbuliwa huvimba. Fundi uliyepatana naye "kazi nzima" atavua kofia na kukuuliza kwa upole kifusi kiende wapi, na hapo ndipo utakapojua kwamba kukibeba hakukuwamo kwenye mapatano. Usikimwage barabarani. Masika itakisukuma hadi kwenye geti la jirani, na jirani ndiye atakayekuletea mjumbe.

Tukae kidogo kwenye msingi, kwa sababu pesa yako yote iko hapa na hakuna mgeni atakayeiona. Tandaza kokoto ndogo zilizochanganyika, unene wa sentimita 7, nyunyizia maji, shindilia. Juu yake weka vumbi la kokoto sentimita 3, nyunyizia, shindilia tena. Kodi kompakta. Fundi atasema haina haja: ana kijana wake mwenye kigogo kilichopigiliwa mpini, na ili kukuthibitishia ataruka mara mbili juu ya kokoto akiwa na ndala. "Bosi, hapa hata semi inapita." Hakuna semi itakayopita. Kutapita wewe, na kila utakaposimama patadidimia kwa umbo la kiatu chako, na mpira wako utakuwa unageukia kwenye nyayo za jana. Kodi kompakta.

Kisha kuna levo. Fundi mzuri ana imani moja maishani, nayo ni levo. Atachukua ule mpira wake mwembamba unaoonyesha ndani, ataujaza maji, atatoa mapovu kwa kuugonga kwa ukucha, atapiga alama kwenye vigingi vinne, atavuta kamba, atafumba jicho moja. Atakuletea eneo lililonyooka kabisa, ambalo ndilo hasa usilolitaka. Grini iliyonyooka kabisa, siku ya mvua ya Aprili, ni bwawa. Inatakiwa ishuke sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuikimbia nyumba. Mweleze. Atakubali, tena atakurudishia maelezo kwa ufasaha kuliko wako. Ukitoka kazini jioni utakuta amesawazisha pote, kwa sababu saidia fundi mmoja alisema pamepinda na yeye ana jina la kulinda mtaani. "Bosi, palikuwa pamekaa vibaya, nimekurekebishia. Hiyo wala sikuchaji."

Na bado hujamwambia habari ya vimgongo. Grini ya maana haiko bapa. Ina miinuko ya taratibu inayoufanya mpira uanzie kushoto na kuishia kulia, ili ukikosa useme uliusoma vibaya mteremko, ambalo ni kosa la kitaalamu. Chora vimgongo hivyo kwa chokaa. Siku hiyo usiende kazini. Simama na reki mkononi. Karibu na shimo, kiasi cha mita moja kulizunguka, mteremko usibadilikebadilike, la sivyo mpira utafika mlangoni na kughairi. Fundi akikuona unainamia vumbi la kokoto kwa magoti, unalitengeneza lipinde kwa makusudi, hatasema neno. Atamtazama saidia wake. Bei ya kazi inayofuata itapanda.

Ukihisi gharama zimeanza kukuelemea, ipo njia ya wazee. Viwanja vingi vya gofu vya Afrika enzi za ukoloni, mahali maji ya kumwagilia yalipokuwa ya shida, havikuwa na grini za kijani hata moja. Vilikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, na aliyemaliza kusukuma aliburuta kitu juu yake kufuta alama za viatu. Mpira ulikwenda vizuri tu. Gereji ya mtaani ina oili ya kutosha. Sikushauri, kwanza kwa sababu ya kisima chako, na pili kwa sababu picha yake haifai kuweka kwenye stetasi.

Shimo halina mjadala: kipenyo milimita 108, kina kisichopungua milimita 101.6. Klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews ilikifanya kipimo hicho kuwa sheria mwaka 1891, ikifuata chombo cha kutobolea mashimo kilichokuwa kinatumika Musselburgh, Scotland, tangu 1829, na husimuliwa kwamba chombo chenyewe kilitokana na kipande cha bomba kilichokuwa karibu. Hivyo fundi wako akitoka stoo na kipande cha bomba la maji taka la inchi nne, lililobaki ulipojenga choo cha wageni, usimcheke; yuko ndani ya mila za mchezo kuliko wewe. Ila bomba hilo lina milimita 110 kwa nje, na ukitoa unene wa plastiki, ndani linabana kuliko sheria. Kwa mazoezi ni neema: ukilizoea hilo, la klabuni litakuwa kama ndoo. Chini yake usizibe kwa zege. Weka kokoto maji yashuke, kwa sababu mbu anayeeneza dengi hutafuta hasa chombo kidogo chenye maji yaliyotulia, na itakuwa vigumu kumweleza daktari ulivyoumwa na mbu wa shimo la pili.

Kutandika ni kazi ya siku moja. Rola la nyasi lifunguliwe juani saa kadhaa, nyasi zilegee na mikunjo itoke. Vipande vyote vilaze nyuzi upande mmoja, maana mpira unaokwenda na nyuzi hukimbia na unaozipinga husita. Ukivitandika kinyume utakuwa na grini mbili zenye tabia tofauti, mpaka katikati. Penye maungio kata kwa kufuata mstari wa mshono, unganisha kwa tepu na gundi, na usipandishe kipande juu ya kingine hata fundi akisema ndivyo wanavyofanya kwenye kumbi. Pembeni pigilia misumari kila sentimita 10 hadi 15. Watoto wasikanyage mpaka gundi ishike. Watakanyaga.

Halafu unamwaga mchanga juu ya kitu ulichotoka kukinunua kwa mamilioni. Jirani anayechungulia kutoka ghorofani ataamini umechanganyikiwa, lakini ndivyo inavyotakiwa: mchanga wa silika, laini na mkavu kabisa, unasuguliwa kwa brashi ngumu uingie kati ya nyuzi, uzishikilie zisimame na ulikandamize zulia lisifanye mawimbi joto likipanda. Mchanga wa ufukweni haufai, una chumvi na vipande vya makombe, tena si wako. Unavyozidi kuujaza ndivyo mpira unavyokwenda kasi. Kasi hiyo ina kipimo chake, stimpimita, aliyoibuni Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935: ni fito yenye mfereji, ya inchi 36, unaiinua taratibu ikifika kiasi cha nyuzi 20 mpira unajitoa wenyewe, kisha unapima umekwenda futi ngapi. Grini ya kawaida ya klabu huwa na futi tisa au kumi. Ukipata tano, ongeza mchanga, piga brashi. Ukipata kumi na nne umeifikia kasi ya mashindano makubwa ya kulipwa, na mpira wako utasimama kwenye mfuniko wa chemba.

Imekwisha. Piga picha saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala. Usipige saa saba mchana, kwa sababu saa saba mchana hutaweza kusimama hapo. Plastiki juani hupanda kupita nyuzi joto 60, na anayekanyaga pekupeku hucheza ngoma ya kwao. Dawa yake ni maji. Kumbuka uliyoyasema siku ya kutoa taarifa, kuhusu kupunguza matumizi ya maji. Sasa utamwagilia ili zipoe, na zikikauka baada ya muda mfupi utamwagilia tena, na siku ya vumbi utaziosha, na paka wa jirani akizipenda utaziosha kwa sabuni. Ukoka hukuwahi kuununulia boza la maji. Jiko la nyama choma likae mbali kabisa, maana kaa moja likidondoka linatoboa shimo ambalo halikuwa kwenye ramani. Na mgeni mwenye maneno akikukumbusha kwamba Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 1 Juni 2019, na wewe umetandika mita 32 za mraba za plastiki na kuziita bustani, mkaribishe kinywaji. Zitadumu miaka kumi, labda kumi na mitano, jua letu likizihurumia. Baada ya hapo hakuna ng'ombe atakayezila.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Umelipa watu wakutengenezee eneo lililoshindiliwa, lenye mteremko wa kupitisha maji, safi, lisilo na udongo, lisilo na kivuli, na linalopata moto kuliko bati. Mama mkwe akija kutoka Masasi na viroba vyake vya muhogo, atatoka nje asubuhi, atapita juu yake taratibu, atainama kugusa kwa kiganja. Adhuhuri makopa yatakuwa yametandazwa kutoka shimo la kwanza hadi la tatu, yamepangwa vizuri kwa mistari. "Mkwe wangu, Mungu akubariki," atasema. "Hapa kwa kweli umenifikiria." Hakuna mwanamume aliyelelewa vizuri atakayefungua mdomo wake kumwambia mama mkwe aanue.

Kwa hiyo andika kanuni za uwanja, mapema, kabla mkurugenzi hajaja Jumamosi. Si aibu, kila klabu ina zake. Ile ya Jinja, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, ilipata sifa duniani kwa kanuni yake kwamba mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji auondoe kwa mkono bila adhabu. Zako zibandike kwenye ukuta wa jiko la nje, kwa herufi kubwa. Mpira ukiingia kwenye makopa unainuliwa bila adhabu, unafutwa unga, unawekwa pembeni, usisogezwe karibu na shimo. Mpira ukichukuliwa na kunguru, weka mwingine palepale. Ukimgonga kuku, rudia. Kuku akilala, aliyepiga ndiye anayelipa na ndiye anayechinja. Mpira uliosimama juu ya mfuniko wa chemba unachezwa ulipo. Kamba ya nguo, maana itakuwa imesharudi, ni sehemu ya uwanja, ila khanga za mama haziguswi kwa fimbo. Na wingu likitanda, mchezo unasimama hapohapo, fimbo zinawekwa chini, na wachezaji wote, mkurugenzi akiwamo, wanashika ungo na kuanua. Habari ya tenda iletwe makopa yakishaingia ndani.